Iogope meli iliyokuja tupu

Aliyekulia Tanga hii anaijua. Upo Raskazone jioni, mihogo ya kukaanga mkononi na chachandu yake, mbele yako meli imetia nanga ghubani, na sie watoto tunabishana ina mzigo au haina kwa kuangalia ule mkanda wa rangi kule chini ubavuni. Mkanda ukizama, meli imejaa. Ukiwa nje, mwekundu pyu, basi meli tupu, ama imeshashusha ama imekuja kuchukua. Bamdogo wangu ambaye alifanya kazi ya ubaharia miaka mingi akitusikia anacheka, anasema nyie hakuna meli tupu, meli ikimaliza kushusha inaanza kunywa maji, na hayo maji nayo ni mzigo isipokuwa hauna mwenyewe.

Hiyo kauli nimekuja kuielewa ukubwani, niliposoma habari za kome wa Marekani. Maana watu wengi tukisikia kitu kimeingizwa nchini kwa meli tunafikiria kontena, tunafikiria ushuru, mtu wa forodha anafungua maboksi. Kumbe wageni hai, hawa kome na kaa na yavuyavu wanaohama bahari moja kwenda nyingine na kuharibu kila kitu huko wanakofika, wengi wao walipanda meli ambayo kwenye karatasi imeandikwa haijabeba kitu.

Tuanze na kwa nini meli inakunywa maji. Chombo kikiwa chepesi mno kinaelea juujuu, pangaboi linatoka nje nusu linakata hewa, usukani haushiki, upepo ukipiga ubavuni kinayumba na kinaweza kupinduka kabisa. Wazee wa majahazi walilijua hilo zamani sana, ndo maana kuna neno farumi, yale mawe na mchanga unaoujaza chini kwenye ngama ili chombo kitulie. Wazungu nao walikuwa hivyohivyo, meli zao za mbao zilijazwa mawe ya ufukweni, zikifika mawe yanamwagwa bandarini mzigo upande, na mawe ya ufukweni huwa yana wenyewe. Kuna kaa mdogo wa kijani wa Ulaya, pwani ya mashariki ya Marekani walishamuona tangu 1817, inaaminika alikuja na hizo farumi au kwenye mbao za meli zilizoliwa na wadudu. Baadae zilipokuja meli za chuma na pampu, nani tena abebe mawe, unafungua valvu maji ya bandari yanaingia kwenye matangi, ukifika unakoenda unayasukuma nje. Mabaharia wanayaita maji ya balasti. Tanka la mafuta likirudi bila mafuta linabeba maji kama theluthi hivi ya uzito wake wa mzigo, yaani lile la tani laki moja linatembea na tani elfu thelathini za maji ya bandari ya watu. Piga hesabu kwa madumu ya lita 20, ni dumu milioni moja na nusu.

Sasa hayo maji yanaingilia wapi? Kuna kisanduku kimechongwa kwenye mwili wa meli chini ya maji, mdomoni kimewekewa wavu wa chuma wa kuzuia samaki na takataka. Tundu la huo wavu kidole kinapita. Na hapa ndo siri yote ilipo, kwa sababu kome mkubwa hapiti hapo, kaa mkubwa hapiti, ila watoto wao wanapita kama mchanga kwenye chekeche la kokoto. Viumbe wengi wa majini wasio na uti wa mgongo wanaanza maisha wakiwa mabuu yanayoelea, huwaoni kwa macho, mtoto wa kome akianguliwa hafiki hata sehemu ya kumi ya milimita, ana vinyweleo vya kuogelea, anaelea wiki mbili tatu nne hivi ndo anaota gamba zito na kuzama kutafuta pa kujishikiza. Wiki mbili tatu. Meli inavuka bahari kwa siku ngapi? Ndo hivyo. Halafu chini ya tangi kuna tope, kila safari linaongezeka, na ndani ya tope kuna mayai ya viumbe wengine yenye ganda gumu yanayoweza kukaa miezi, mengine miaka, yakisubiri maji mazuri.

Mtafiti mmoja wa Marekani, James Carlton, na mwenzake Jonathan Geller waliamua kuchungulia. Walienda Coos Bay, bandari ndogo tu kwenye jimbo la Oregon, wakachota maji kwenye matangi ya meli 159 zilizotoka Japani, na matokeo yakatoka 1993, wamekuta aina 367 za viumbe, wazima. Mpaka kaa, kamba, konokono, minyoo, na hapo ni mabuu yao. Na zile meli zilifuata nini Coos Bay? Vipande vya mbao vya kutengenezea karatasi. Zilikuja tupu! Meli tupu 159.

Twende kwenye hao kome sasa. Huyu wanayemuita kome pundamilia, mdogo tu, kama ukucha wa kidole gumba, ana mistari, kwao ni mito na maziwa ya huko kuzunguka Bahari Nyeusi na Kaspiani. Ulaya magharibi alishafika zamani kupitia mifereji iliyochimbwa kuunganisha mito, kwenye gati za London alionekana 1824. Amerika alikuwa hajavuka, maana yeye ni wa maji baridi yasiyo na chumvi na katikati kuna Atlantiki nzima. Ila 1959 Marekani na Kanada walifungua njia ya meli ya mto St. Lawrence, meli ya baharini inapanda ngazi za maji mpaka inafika Chicago na Duluth, huko katikati ya bara kabisa, kuchukua ngano na mahindi. Kwa hiyo meli inajaza maji baridi kwenye mto wa Ulaya, inavuka na hayo maji tangini kama mtu aliyebeba chupa, inayamwaga kwenye ziwa la maji baridi. Huyo kome hakugusa chumvi hata kidogo njia nzima.

1988 akaonekana Ziwa St. Clair, kaziwa kadogo kati ya Huron na Erie. Mwaka uliofuata tu, 1989, mji wa Monroe jimbo la Michigan ukakosa maji ya bomba kwa siku tatu kwa sababu kome wameziba mlango wa bomba linalovuta maji ziwani. Kwenye mtambo mmoja wa umeme hukohuko walihesabiwa mpaka 700,000 kwenye mita moja ya mraba, na usiulize wanaeneaje, wanapandana, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, tabaka kwa tabaka, kila mmoja kajifunga na nyuzi zake ngumu kama gundi. Jike mmoja kwa msimu anaweza kutoa mayai mpaka milioni. Kuziba mabomba ni kitu cha kwanza watu walichokiona kwa sababu kilikata maji nyumbani, lakini kwangu mimi kilichotokea ndani ya ziwa ni kibaya zaidi na ndo kigumu kukieleza, kwa sababu ukiangalia kwa macho utasema ziwa limepona. Kome mmoja anachuja kama lita moja ya maji kwa siku. Zidisha kwa mabilioni. Maji ya Ziwa Erie yaliyokuwa na ukungu yakawa meupe unaona chini, watu wakafurahi, ila ule ukungu ndo chakula, ni vimea vidogo vya kijani ambavyo vijidudu vya maji wanakula na watoto wa samaki wanakula vijidudu. Kome kakomba meza. Tena huyu jamaa anachagua, kuna aina ya mwani wenye sumu akiuvuta anautema, anakula mwani mwingine, kwa hiyo ule wa sumu unabaki peke yake shambani na unastawi.

Nyuma yake akaja ndugu yake, kome kwaga, anayeweza kuishi kina kirefu na baridi kali na kwenye tope tupu, na sehemu nyingi za Ziwa Michigan sasa huyo kwaga ndo kamfukuza hata pundamilia mwenyewe. Mwaka 2007 akakutwa Ziwa Mead, jangwani karibu na Las Vegas, huko hakuna meli inayofika, alibebwa na boti za starehe zinazokokotwa kwa gari. Meli inamleta mlangoni tu, ndani anaingizwa na watu wenyewe.

Sasa huku Amerika wanalia na kome wa kutoka Bahari Nyeusi, Bahari Nyeusi nayo ilikuwa inalia na yavuyavu wa kutoka Amerika, muongo huohuo. Jina lake la kisayansi ni Mnemiopsis, kama ute wa yai, hana sumu, hawashi, ukimshika anateleza, ana misitari inayong'aa usiku. Kwao ni pwani ya Atlantiki ya Amerika, ambako kuna wa kumla. 1982 alionekana Bahari Nyeusi, inaaminika kwa maji ya balasti, na huko hakukuwa na wa kumla. Yeye mwenyewe ni dume na jike kwa pamoja, mmoja akifika anatosha kuanzisha ukoo, na kwa siku anataga maelfu ya mayai. Anakula vijidudu vya maji, anakula mayai ya samaki na vifaranga vyao. Waturuki wana dagaa wao wanaitwa hamsi, wanawapenda kama sisi na dagaa, wanapika nao mpaka wali, na kuanzia 1989 mavuno ya hamsi yakaporomoka. Haki ya Mungu siyo yavuyavu peke yake, walikuwa wameshavua kupita kiasi na mito ilikuwa inamwaga mbolea na uchafu, bahari ilikuwa mgonjwa tayari ndo mgeni akakuta mlango uko wazi. Mwaka 1999 akathibitishwa Kaspiani, ambayo ni kama ziwa, haina mlango wa bahari, amepita mfereji wa Volga na Don, na huko dagaa wanaitwa kilka nao wakaanguka vibaya, Wairani wavuvi wakaegesha boti.

Bahari Nyeusi ilipata nafuu kwa kituko. 1997 akaonekana yavuyavu mwingine, Beroe, ambaye chakula chake ni yavuyavu wenzake tu, akamrukia Mnemiopsis akampunguza. Naye inadhaniwa alikuja vilevile, na balasti. Bahati, hakuna aliyepanga, na mtu asije akaanza kuita hiyo ni njia ya tiba, maana sisi tuna kunguru wa India walioletwa Zanzibar kusafisha taka mwishoni mwa karne ya 19 na tunajua wanavyofanya sasa hivi.

Nimesema sana maji ya ndani, ila kuna abiria wengine wanapanda nje, kwenye ubavu. Hapa fundi wa majahazi hana la kufundishwa. Kwa nini jahazi linapandishwa pwani bamvua, linakwanguliwa, linapakwa deheni, ile shahamu na chokaa? Kwa sababu chombo chochote kikikaa majini kinaota, kwanza ute, halafu majani, halafu yale magamba meupe yanayokata miguu, kome, chaza, na wakishakuwa msitu, kaa wadogo na minyoo wanahamia humo. Meli ya chuma ni vilevile. Wazungu nao walikuwa na deheni yao, rangi yenye sumu ya bati iitwayo TBT, ilifanya kazi vizuri mno, mpaka konokono jike karibu na bandari wakaanza kuota viungo vya kiume na kushindwa kuzaa. Mkataba wa kuipiga marufuku ulipitishwa 2001 ukaanza kazi 2008. Rangi za sasa ni za wastani, na hata iwe nzuri haifiki kwenye vipembe, ule wavu wa kuvutia maji, mashimo ya mapangaboi ya pembeni, pale meli ilipoegemea magogo chelezoni pakakosa rangi. Humo ndo wanaishi.

Kisa ninachokipenda kwenye habari yote hii ni cha Darwin, Australia, Machi 1999. Wapiga mbizi walikuwa kwenye ukaguzi wa kawaida wa bandari, wakashuka kwenye maegesho ya mashua za starehe ya Cullen Bay, na huko chini kila nguzo, kila kamba, kila ubavu wa mashua umevaa kome mweusi mwenye mistari, zaidi ya 20,000 kwa mita ya mraba sehemu nyingine. Miezi sita nyuma walikagua hapohapo na hapakuwa na hata mmoja! Huyu kwao ni Amerika ya Kati na Karibiani, India alishafika Visakhapatnam tangu miaka ya 1960, kwa hiyo Bahari ya Hindi yetu hii si mgeni nayo. Bahati ya Darwin ni kwamba maji yao yanapwa na kujaa mita nyingi, kwa hiyo maegesho yale yamewekewa milango ya kuzuia maji. Wakafunga milango, mashua zikiwa ndani, wakamwaga klorini na salfeti ya shaba kwa matani, wakaua kila kilicho hai humo, na mashua zilizokuwa zimeshatoka zikafuatiliwa moja moja mpaka baharini. Gharama ikapita dola milioni 2 za Australia. Kome akaisha. Kumfuta mgeni wa baharini kabisa namna hii imetokea mara chache mno, na ukiitoa ile milango isingewezekana, utaiwekea klorini bahari nzima?

Kwa maji ya balasti dunia ilikubaliana mkataba Februari 2004 chini ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli, lakini ili uanze ulihitaji nchi 30 zenye asilimia 35 ya meli za dunia kwa uzito, wakavutana wee mpaka Septemba 8, 2017. Kenya iliingia mapema, 2008. Njia ya kwanza ilikuwa ni kubadilisha maji katikati ya bahari kuu, maili 200 kutoka nchi kavu na kina mita 200, kwa wazo kwamba kiumbe wa bandarini hawezi kuishi bahari kuu na wa bahari kuu hawezi kuishi bandarini. Wazo zuri, na kwenye yale maziwa ya Amerika lilisaidia kweli baada ya kugundua kwamba hata meli zilizosema hazina balasti zilikuwa na tope na maji ya mabaki chini ya tangi, Kanada ikalazimisha 2006 na Marekani 2008 matangi yote yasuuzwe kwa maji ya chumvi, wageni wapya wakapungua sana. Ila jaribu kumwaga na kujaza maelfu ya tani katikati ya mawimbi. Julai 2006 meli ya magari inaitwa Cougar Ace ilikuwa inabadilisha balasti karibu na visiwa vya Aleutian kule Alaska ikalala ubavu nyuzi 60, ndani ina Mazda mpya zaidi ya 4,700. Meli haikuzama. Magari yalisagwa yote, hakuna aliyetaka kuuza gari lililoning'inia kwenye mkanda wiki kadhaa.

Kwa hiyo tangu Septemba 8, 2024 meli zinazosafiri kimataifa chini ya mkataba zinatakiwa zifikie kipimo, na kwa nyingi maana yake ni mtambo wa kusafisha maji ndani ya meli. Mitambo mingi inachuja kwanza halafu inapiga kwa mwanga wa urujuanimno, au inapitisha umeme kwenye maji ya chumvi yanajitengenezea klorini yenyewe. Huo wa pili ukifika mtoni kwenye maji matamu hauna chumvi ya kutengenezea klorini, na vichujio vikikutana na maji ya matope vinaziba, wahandisi wa melini wanaumia vichwa. Kipimo chenyewe kinasema hivi: viumbe hai wenye ukubwa wa kuanzia mikroni 50, sawa na sehemu moja ya ishirini ya milimita, wawe chini ya kumi kwenye mita moja ya ujazo. Mita moja ya ujazo ni madumu 50. Ukiambiwa tafuta vijidudu kumi visivyoonekana kwenye madumu 50 na useme kipi kizima kipi kimekufa, ndo utajua kazi ya mkaguzi. Na chukua lile tanka letu la tani elfu thelathini za maji, likifaulu mtihani vizuri kabisa, bado linaruhusiwa kumwaga karibu laki tatu. Nafuu kubwa ukilinganisha na zamani, ila sifuri siyo.

Turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndo hesabu ya meli tupu inanichanganya. Bandari zetu kubwa, Mombasa na Dar, zinaingiza kuliko zinavyotoa. Meli inakuja imejaa, inaondoka nyepesi na makontena matupu, maana yake kwa muda mrefu sisi ni watoaji wa maji, Kilindini imesafirisha viumbe wake kwenda kwa watu na hatujui wamefika wapi. Wanaotuletea ni zile zinazokuja kuchukua. Mtwara siku hizi meli zinafuata makaa ya mawe ya Ruvuma, zinakuja na mkanda mwekundu nje. Na Tanga yenyewe, hapo ng'ambo ya ghuba, Chongoleani, ndo mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda, limepangwa kupitisha zaidi ya mapipa 200,000 kwa siku. Tanka linalokuja kupakia mafuta haliji na mafuta. Kila moja, bila kukosa, litakuja na bahari ya watu wengine tumboni, na kadiri mafuta yanavyoingia ndivyo maji yanavyotoka.

Watu wakizungumzia hatari ya Chongoleani wanazungumzia kumwagika mafuta, na wana haki, mafuta yanaonekana na yananuka. Mimi naongeza hili la maji masafi yasiyonuka. Kitabu cha kumbukumbu za balasti kipo kwenye kila meli iliyo chini ya ule mkataba, kimeandikwa maji yalichotwa wapi na tarehe gani, afisa wa bandari ana haki ya kupanda na kukifungua. Lakini Darwin waliwaona kome wao kwa sababu walikuwa na picha ya miezi sita nyuma ya kulinganisha, na huwezi kumtambua mgeni kama hujui wenyeji, kwa hiyo kabla matanka hayajawa mengi mtu ashuke chini ya nguzo za lile gati aandike kila gamba lililopo.

Kwa kuanzia sio lazima mpiga mbizi. Maji yakitoka bamvua kubwa, wanawake wa vijiji vya hapo wanashuka mwambani na ndoo, wanachokoa pweza, wanaokota kombe, jiwe wanaligeuza kwa mkono na kulirudisha. Nilimuuliza shangazi yangu mmoja anayefanya hiyo kazi miaka yote, kama akikuta kome asiyemjua atafanyaje. Akaniangalia kama nimeuliza ujinga. Akasema atamuonja kwanza.